Risasi kwenye mifereji ya maji ya kunywa: sharti liandikweje, na lipimwe vipi?

#1 MizaniNaSheria

Wadau, salamu. Uzi huu ni wa wanaonunua, wanaouza na wanaofunga mifereji, vali na mita za maji ya kunywa hapa Mombasa: shule, misikiti, zahanati, vioski vya maji, majumba ya kupangisha. Swali langu ni moja. Ukiandika kwenye zabuni kwamba kifaa "kisiwe na risasi", ile metali yenye sumu, umeandika nini hasa? Muuzaji atajibu "hakina", na hapo mmemaliza, hakuna wa kumshinda mwenzake.

Kosa ninaloliona kwenye hati nyingi ni hili: mtu ananukuu KS EAS 12, kiwango cha maji ya kunywa cha Afrika Mashariki, kwamba risasi isizidi miligramu 0.01 kwa lita (yaani mikrogramu 10, sawa na mwongozo wa WHO), halafu anadhani kazi imekwisha. Namba hiyo ni ya maji. Chuma cha mfereji hakiguswi nayo. Maji ya chemchemi za Mzima husafiri zaidi ya kilomita 200 mpaka kufika kisiwani, na yanaweza kufika bila risasi kabisa, yakaizoa kwenye sentimita kumi za mwisho, ndani ya mfereji wa jikoni.

Jambo jingine: Kanuni za Ubora wa Maji za 2006, zile za chini ya sheria ya mazingira, ziliweka 0.05 kwa vyanzo vya maji ya nyumbani. Hiyo ni mara tano ya 0.01. Ukinukuu namba, sema umeitoa wapi, la sivyo mkandarasi atachagua ile inayompendeza.

#2 SpanaYaTudor

Tuanze na chuma chenyewe, maana wengi hawajui risasi imefuata nini humo.

Brasi ni shaba na zinki. Mchanganyiko huo peke yake hunata kwenye kisu cha mashine na kutoa nyuzi ndefu zinazojizonga. Ukitia risasi asilimia mbili au tatu, chenga zinakatika zenyewe, kisu kinadumu, kazi inakwenda mbio. Kwenye vyuma vya kumimina, risasi huziba pia vitundu ili mfereji usitoe jasho. Lakini haichanganyiki na shaba. Inabaki vitone vidogo vidogo ndani ya chuma, na kisu kinapopita kinavipaka juu ya uso. Ndiyo sababu mfereji mpya hutoa risasi nyingi zaidi wiki za mwanzo, halafu ikapungua. Hupungua tu, haiishi.

Mahali pa kuangalia: mwili wa mfereji, msumari wake wa ndani (ule unaozungushwa na mpini), nati za yunioni, geti vali, mkono wa boya la tangi, vali ya chini ya pampu, mwili wa mita. Na hapa watu hupitwa: viungo vya PPR, zile paipu za plastiki za kuunganishwa kwa moto. Mtu anasema "mimi nimefunga plastiki tupu", kumbe kila elbo na kila soketi yenye nyuzi ina kipete cha brasi kilichopakwa nikeli. Nyumba ya vyumba vitatu haikosi vipete kumi na kitu.

Kromu ya nje haisaidii. Ni ya kung'arisha tu. Chungulia ndani ya mdomo wa mfereji uone rangi ya manjano inapoanzia. Kuanzia hapo maji yanagusa brasi mtupu.

#3 Dukani_Kongowea

Ami Spana, kwa hivyo brasi yote mbaya? Mteja wetu akija ananyanyua mfereji mkononi, ukiwa mwepesi anaurudisha kaunta. "Mzito ndio mzuri." Na wale wanaojua kidogo wanauliza wenye alama ya DZR, wanasema ndio wa afya.

#4 SpanaYaTudor

DZR si alama ya afya, yakhe. Ni brasi isiyong'olewa zinki. Maji yenye chumvi kama ya visima vyetu huila zinki na kuacha shaba tupu, chuma kinageuka waridi na kuvunjika kama biskuti. DZR huzuia hilo. Lakini DZR ya kawaida, CW602N, ina risasi kati ya asilimia 1.7 na 2.8. Ni imara, na ina risasi, yote mawili.

Namba za aloi, yaani za mchanganyiko wa chuma, ndizo za kuuliza, si jina "brasi". CW614N, ile ya kazi za mashine, ina risasi 2.5 mpaka 3.5. CW617N, ya mifereji mingi ya kufuliwa kwa moto, 1.6 mpaka 2.2 au zaidi kidogo, kutegemea toleo la kiwango. Shaba ya kumimina ya mita na vali kubwa za zamani, CC491K, ina 4 mpaka 6. Upande wa pili kuna CW510L, risasi isiyozidi 0.2, lakini hiyo haivumilii maji ya chumvi. CW511L nayo ni 0.2, na zinki haing'oki kirahisi. CW724R, yenye silikoni, haizidi 0.1 na inavumilia chumvi. Kwa pwani, nikiulizwa, ni hizo mbili za mwisho.

Uzito hausemi lolote kuhusu risasi. Mfereji uliomiminwa kwa vyuma chakavu vya kila aina, radieta, vali kuukuu, vipande vya meli, unaweza kuwa mzito kuliko wote dukani na hakuna anayejua ndani mna nini. Aliyeumimina hajui pia.

#5 MizaniNaSheria

Hapo sasa. Tuangalie wenzetu walivyoandika, maana wamekosea kabla yetu na kosa lao lina faida.

Marekani mwaka 1986 walipiga marufuku paipu za risasi, wakasema kifaa "kisicho na risasi" ni kile kisichozidi asilimia 8. Nane! Lihamu, yaani metali ya kuungia paipu, wakaipa kikomo cha risasi cha asilimia 0.2. Miaka mingi mifereji yenye asilimia tatu ikauzwa kwa jina la "bila risasi" na haikuvunja sheria. Kuanzia 4 Januari 2014 wakashuka mpaka 0.25, lakini si ya kila kipande: ni wastani unaopimwa kwa uso unaoloweshwa na maji. Unachukua kila kipande, asilimia yake ya risasi, unazidisha na eneo lake la ndani, unajumlisha, unagawanya kwa eneo lote.

Mfano wa mfereji wa ukutani wa nusu inchi. Mwili: sm² 48, risasi 2%. Msumari: sm² 4, risasi 3%. Washa ya raba: sm² 3, sifuri. Mdomo wa plastiki: sm² 5, sifuri. Jumla sm² 60.

(48 × 2) + (4 × 3) = 108. Gawanya kwa 60: asilimia 1.8. Umeanguka vibaya.

Badilisha mwili uwe wa 0.1%: 4.8 + 12 = 16.8, gawanya kwa 60, unapata 0.28. Bado umeanguka, na aliyekuangusha ni msumari wa sm² 4 ambao hakuna aliyeufikiria. Ukiuleta msumari wa 1.6%, inakuwa 0.19. Sasa umepita.

Kwa hivyo cheti kinachosema "mwili ni CW511L" hakitoshi. Dai orodha ya vipande vyote vinavyoguswa na maji.

#6 Dukani_Kongowea

Hesabu nimeielewa, lakini naona tundu. Mikseri ya sinki inakuja na hosi zake mbili. Si hosi zitaongeza eneo lisilo na risasi?

#7 MizaniNaSheria

Umelipata. Hosi moja yenye kipenyo cha ndani cha mm 8 na urefu wa sm 45 ina eneo la sm² 113. Mbili ni 226. Chukua vyuma vyetu vilevile vya mwanzo, 108 ile ile, gawanya kwa 286: asilimia 0.38. Imeshuka kutoka 1.8 bila kugusa hata chembe ya chuma, na maji yanayolala kwenye mwili wa mfereji usiku hayajui kwamba kuna hosi chini ya sinki. Ndiyo sababu wastani peke yake haunitoshi. Dada Kemia, hapo ni kwako.

#8 KemiaBahari

Nashukuru. Asilimia inaeleza kilichomo ndani ya chuma. Tunachokunywa ni kile kinachotoka. Vipimo ni viwili tofauti na sharti zuri linadai vyote viwili.

Kipimo cha kinachotoka kinafanywa maabara kwa kufuata NSF/ANSI/CAN 61, kiwango cha Amerika Kaskazini cha vifaa vya maji ya kunywa: mifereji kadhaa ya aina moja inajazwa maji ya kemia maalumu kwa wiki tatu, yanabadilishwa kwa ratiba, na risasi ya maji yaliyolala usiku inapimwa. Matokeo yanafanywa hesabu ya takwimu, yanatolewa kama mikrogramu ngapi mfereji umetia kwenye lita moja ya mwanzo. Kikomo kilikuwa 5. Toleo jipya limekishusha mpaka 1, na tangu Januari 2024 ndicho kinachotumika.

Sasa angalieni kitu ambacho kinawachanganya hata wenye maabara. Tuseme mfereji umetoa mikrogramu 4 usiku kucha. Maji yaliyomo ndani ya mwili wake ni kama mililita 40. Ukiyapima hayo peke yake: mikrogramu 100 kwa lita, mara kumi ya kile kikomo cha maji cha 10. Ukikinga chupa ya mililita 250, hayo 40 yakachanganyika na maji safi ya kwenye paipu: 16 kwa lita, bado umezidi. Ukikinga chupa ya lita nzima: 4 kwa lita. Umepita! Mfereji uleule, usiku uleule, risasi ileile. Anayetaka kupita anabeba chupa kubwa.

Kwa hivyo sharti lisiloandika ukubwa wa chupa ni sharti tupu. Kwa kupima kifaa, mililita 250 za kwanza. Chupa ya lita ina kazi yake, inaonyesha kifaa pamoja na paipu ya nyuma yake, lakini si ya kumkamata mfereji.

#9 TangiLaJuu

Mnasema maji kana kwamba Mombasa ina maji ya aina moja. Kuna ya kampuni yanayokuja siku mbili kwa wiki mtaa fulani, kuna kisima cha chumvi, kuna bowza, kuna mkokoteni wa mitungi, na masika kuna maji ya mvua. Nyumba moja inaweza kutia yote matano kwenye tangi moja. Hiyo maji maalumu ya maabara ni yapi kati ya haya?

#10 KemiaBahari

Si yoyote, na hiyo ndiyo hoja ya kuwa mkali kwenye chuma badala ya kutegemea maji yawe mpole.

Maji ya chumvi: kloraidi ikizidi salfeti, risasi inang'oka, hasa pale chuma chenye risasi kimeshikana na shaba. Gawanya miligramu za kloraidi kwa za salfeti. Ikivuka kama 0.5, anza kuwa na wasiwasi. Tuseme kisima kina kloraidi 600 na salfeti 100: hiyo ni 6. Visima vingi vya kisiwani vilivyoingiwa na maji ya bahari viko upande huo.

Maji ya mvua ni kinyume: hayana chumvi, lakini ni laini mno na yana uchachu kidogo, pH yake ikiwa chini ya 6. Hayana cha kujenga utando ndani ya paipu, kwa hiyo yanakula chuma kilicho wazi. Jabia la zamani, lile tangi la kujengwa, lililopakwa chokaa lilikuwa linayatibu bila mtu kujua: chokaa inapandisha pH na kuyapa ugumu kidogo. Tangi la plastiki halifanyi hivyo. Mvua ikienda moja kwa moja kutoka kwenye mabati mpaka tangi la plastiki mpaka mfereji wa brasi yenye risasi, mmeyakuta mabaya mawili pamoja.

Maji ya kukatikakatika yana adabu yake mbaya. Paipu ikikauka, utando wa ndani unapasuka, na maji yakirudi kwa kishindo yanabeba vigaga. Hivyo ni risasi ya chembe, si ya kuyeyuka. Inanaswa kwenye kichujio cha mdomoni mwa mfereji, inakaa hapo, inatoka kidogo kidogo. Fungueni vile vichujio mara moja kwa mwezi, mvioshe, na kila baada ya kukatika kwa muda mrefu. Hiyo haina gharama.

#11 BiMaji_Likoni

Naomba kuuliza kwa niaba ya kina mama wa vioski. Kuchemsha kunasaidia? Na dawa ya klorini? Na kama mfereji wa kioski ni mbaya, mtungi wa lita 20 si utaipunguza risasi kwa wingi wa maji?

#12 KemiaBahari

Bi Maji, kuchemsha hakutoi risasi. Maji yanapungua kwa mvuke, risasi inabaki palepale, kwa hiyo kila lita inakuwa nayo zaidi. Klorini ni ya vijidudu. Kuchuja kwa kitambaa kunashika vigaga vikubwa tu. Kinachotoa risasi ni mashine ya osmosisi, au kichujio kilichopimwa kwa NSF/ANSI 53 na kwenye karatasi yake risasi imetajwa kwa jina, si "metali nzito" kijumla.

Kuhusu mtungi uko sahihi. Kioski kinachouza mfululizo tangu alfajiri, tatizo lake ni mtungi wa kwanza, na kidogo wa pili. Yule wa kwanza uwe wa kuoshea mitungi yenyewe.

Nyumbani hesabu ni hii. Paipu yenye kipenyo cha ndani cha mm 15 ina mililita 177 kwa kila mita. Kutoka tangi mpaka jikoni mita 10: lita 1.8. Mfereji ukitoa lita 6 kwa dakika, sekunde 18 zinatosha kuyaondoa yaliyolala. Tia nusu ya juu yake, fanya sekunde 30, lita tatu. Msiyamwage, maji Mombasa ni pesa. Ndoo ya kupigia deki iwe chini ya mfereji asubuhi. Na maji ya kunywa au ya maziwa ya mtoto yasitoke kwenye mfereji wa moto.

#13 Dukani_Kongowea

Shukran. Sasa dukani. Mafundi wana njia yao: toboa kwa drili. Chenga zikianguka kama mchanga, kuna risasi. Zikitoka ndefu zimejikunja kama ganda la chungwa lililomenywa kwa kisu kimoja, hakuna. Na maboksi nayo yamejaa mihuri, sijui ushike upi.

#14 SpanaYaTudor

Drili inakupa fununu ya upande mmoja. Nyuzi ndefu, ni kweli, risasi ni kidogo. Lakini chenga za mchanga si ushahidi wa risasi, kwa sababu brasi ya silikoni na ile ya bismati hukatika vilevile. Ungeirudisha bidhaa nzuri kwa sababu ya chenga zake.

Mihuri: ISO 9001 ni ya namna kampuni inavyojiendesha, chuma haikijui. CE haisemi kuhusu risasi ya mfereji. BS 6920 hupima vitu visivyo metali, raba na plastiki. Mfereji wa brasi wenye washa iliyopita BS 6920 bado ni mfereji wa brasi. Alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, inakwambia kuna kibali, na namba yake unaituma kwa ujumbe kwenda 20023 uone ni ya nani na ya bidhaa gani. Fanya hivyo kila mara, kwani stika huchapwa popote. Inayozungumzia risasi moja kwa moja ni NSF/ANSI/CAN 372, hiyo ni ile asilimia 0.25. Ukiona "61-G" ina maana amepita 61 na pia 0.25.

#15 KemiaBahari

Naongeza bunduki ya XRF, kifaa cha eksirei cha kusoma metali, kwani kuna wanaoikodi sasa. Inasoma uso tu, tabaka jembamba la juu. Ukiielekeza juu ya kromu inasoma kromu na nikeli, risasi inaonekana kidogo kuliko ilivyo. Kata mfereji katikati kwa msumeno, safisha kwa asetoni, chagua mpangilio wa aloi (si wa udongo wala wa rangi), soma mahali patatu, sekunde 30 kila mahali, na msumari wa ndani upimwe peke yake. Karatasi za kupaka zinazogeuka nyekundu zilitengenezwa kwa rangi za ukuta. Kwenye brasi zinadanganya pande zote.

#16 TangiLaJuu

Wengine watakimbilia stenlesi. Kwa maji ya chumvi angalieni: 304 inaanza kutobokatoboka kloraidi ikipita kama miligramu 200 kwa lita. 316 inakwenda mpaka 1,000 hivi. Kisima kikali hata hiyo isikutumainishe. Mifereji ya plastiki ya kioski ni ya bei nafuu na haina risasi, adui wake ni jua. Ifungwe kivulini au ibadilishwe ikianza kutoa unga mweupe.

Na msisahau paipu za mabati. Zinki ya bei nafuu ya kupakia, ile daraja iitwayo Prime Western, inaruhusiwa risasi mpaka asilimia 1.4. Paipu za zamani za Mji wa Kale zimevua koti lote, zimebaki kutu, na kutu nayo hushika risasi ya kila kilichopita juu yake. PVC pia: zamani chumvi za risasi zilitiwa ili isiungue kiwandani. Viwanda vya Ulaya viliacha 2015, India wakaweka kanuni 2021. Anayenunua PVC leo adai karatasi inayosema imetulizwa kwa kalsiamu na zinki.

#17 SpanaYaTudor

Kwenye hoteli na zahanati zenye paipu za shaba, swali ni lihamu. Fundi wa redio ana waya wa 60/40, bati na risasi, unaanza kuyeyuka kwa nyuzi 183, rahisi kama siagi. Fundi wa mabomba akiishiwa anauazima. Usikubali. Lihamu ya maji ya kunywa ni bati 97 na shaba 3, au bati 99.3 na shaba 0.7, inaanza kuyeyuka 227, inataka moto zaidi na kiungo kilichosuguliwa sawasawa, ndiyo sababu wanaikwepa. Dai kibobo cha waya kilichobaki ukisome.

Viungo vya kale vya chuma vilifungwa kwa katani na risasi nyekundu, ule uji wa rangi ya matofali. Ukivikuta usivisugue vikavu. Kata paipu pande zote mbili, toa kiungo kizima. Nyuzi mpya zifungwe kwa tepu nyeupe.

#18 Dukani_Kongowea

Mambo ya mafundi nimeyakubali. Lakini mzigo unaingia Kilindini kontena kwa kontena. Mimi wa mwisho kwenye mnyororo ndio mnanibebesha kupima?

#19 MizaniNaSheria

La, na hapo nakuunga mkono. Kumkamata muuza duka kwa mfereji alioununua kwenye boksi lililofungwa ni kukosea mlango. Pa kuzuia ni kabla ya kupakiwa melini. KEBS wana utaratibu wa ukaguzi wa kabla ya kusafirisha, PVoC, tangu 2005. Mkaguzi hupima kile alichoandikiwa apime. Sharti la risasi lazima litajwe kwa namba za forodha ili lisipenye: 8481 mifereji na vali, 7412 viungo vya shaba na brasi, 9028.20 mita za maji, 8413 pampu, 3917 paipu na viungo vya plastiki. Ukitaja "mifereji" tu, kipete cha brasi cha PPR kitapita chini ya 3917 kikiitwa plastiki.

Na lazima useme nini kimesamehewa. Wamarekani waliacha vyombo vya choo, vali za bafu la manyunyu, mifereji ya zimamoto na geti vali za njia kuu za inchi 2 na zaidi. Msamaha huo ukiuchukua wote kwetu una hatari: mfereji wa uani ulionunuliwa "wa kumwagilia" ndio unaojaza mtungi wa kunywa. Hapa ningesamehe choo na zimamoto, basi.

Watu wa Mombasa risasi wanaijua kwa mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha betri na moshi na udongo, kesi ambayo Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamulia fidia ya shilingi bilioni 1.3 Julai 2020. Mfereji hauna moshi. Utafiti uliochapishwa 2021 kutoka Ghana, Mali na Niger ulifuatilia risasi iliyokuwa kwenye maji ya vijijini ukaikuta inatoka kwenye vipande vya brasi vya pampu na mifereji. Bidhaa za aina hiyo huuzwa sehemu nyingi za bara.

Rasimu yangu ya kifungu, ipigeni mawe:

"Kila kipande kinachoguswa na maji ya kunywa kitakuwa na risasi isiyozidi 0.25% kwa uzito, kila kimoja peke yake, bila wastani. Kifaa kizima hakitatoa zaidi ya mikrogramu 1 ya risasi kwa kipimo cha NSF/ANSI/CAN 61. Muuzaji ataleta cheti cha aina 3.1 cha EN 10204 (cheti cha kiwandani cha vipimo vya chuma chenyewe) chenye namba ya myeyusho wa chuma, na namba hiyo ilingane na iliyogongwa kwenye boksi. Mnunuzi atachagua mwenyewe vifaa 3 kwa kila 500 na kuvikata. Kimoja kikianguka, shehena yote inarudi kwa gharama ya muuzaji."

#20 SpanaYaTudor

"Kila kimoja peke yake" nimeipenda, imeua hosi na imeua msumari. Ongeza "kwa maji ya chumvi, brasi iwe pia isiyong'olewa zinki", la sivyo watakuletea CW510L na mwaka wa pili inavunjika.

#21 BiMaji_Likoni

Na shule ambayo tayari ina mifereji ishirini na pesa za kubadilisha mitano? Ipi?

#22 KemiaBahari

Ile ya kunywea na ya jikoni, na kati ya hiyo iliyopimwa ikazidi. Kupima: mifereji isiguswe tangu saa nne usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, angalau saa 6, isizidi 18. Baada ya wikendi ndefu utapata namba kubwa isiyo ya kawaida. Kichujio cha mdomoni kiachwe mahali pake. Chupa ya plastiki ngumu ya mililita 250, mdomo mpana, iliyooshwa kwa asidi na maabara yenyewe, iwe imeshikwa chini kabla ya kufungua. Fungua kama mtu anayejaza gilasi, si kwa kudondosha, maana kudondosha kunaacha chembe nyuma. Halafu acha yaende sekunde 30, kinga ya pili. Ya kwanza ikiwa juu na ya pili chini, mfereji ndio mwenye kosa, badilisha. Zote mbili zikiwa juu, tatizo liko nyuma ukutani, na mfereji mpya utakuwa pesa iliyotupwa.

Kwa maabara, tawi la Mkemia Mkuu wa Serikali liko Mombasa, na kuna za binafsi. Popote uendapo uliza kabla ya kulipa: mnatumia chombo gani, na namba ndogo kabisa mnayoweza kuisoma ni ngapi? Mashine ya mwali wa moto haioni vizuri chini ya mikrogramu 100, kwa hiyo "haikuonekana" yake haina maana kwenye kikomo cha 10. Unataka tanuru ya grafaiti au ICP-MS, yenye uwezo wa kusoma 1 au chini. Asidi ya nitriki ya kushusha pH chini ya 2 watie wao, ndani ya siku 14, na sampuli ikae saa 16 baada ya asidi kabla ya kupimwa.

Kwenye kibandiko: namba ya mfereji, saa ulipofungwa, saa ulipofunguliwa, ya kwanza au ya pili.

#23 BiMaji_Likoni

Kalamu ya wino inafutika kwa maji?

#24 KemiaBahari

Inafutika. Tumia penseli, au maka ya kudumu, na uandike kabla ya kukinga.